Mwiko wa Bomba

Jumapili, 6 Machi 1983

Padre amehubiri leo kwamba mtu mwenye hasira ahesabu hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Nimehesabu njia nzima kutoka kanisani na bado nimekasirika, kwa hiyo nitaandika. Madaftari ya darasa la kisomo ninalofundisha yamebaki mengi kuliko wanafunzi wenyewe.

La kwanza ni bomba. Sisi wanawake ndio tuliochimba mtaro kutoka chemchemi hadi shuleni, huku wanaume wakipokezana jembe moja na hadithi nyingi. Mwezi uliopita maji yakaanza kutoka. Leo shemeji yangu Clemensi, mdogo wa marehemu mume wangu na mwenyekiti wa kijiji, amesimama nje ya kanisa akatangaza kwamba mgeni rasmi kutoka mkoani atakuja kulizindua siku ya Saba Saba. Kisha akajishukuru mwenyewe kwa niaba yetu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, maana mtoto wa marehemu mama mkwe wangu huwezi kumwaibisha mbele ya kanisa.

La pili ni Elizabeti, jirani yangu wa ng'ambo ya shamba. Mimba yake ya miezi minne imeharibika. Kwa desturi yetu Wairaqw sasa yuko meeta, yaani kwenye mwiko. Haingii nyumba ya mtu, hapokei wala hatoi kitu mkono kwa mkono, na hachoti maji pa wote, asije akawaambukiza wengine msiba wake. Mumewe amemjengea kibanda juu, karibu na msitu wa Ngorongoro. Maji anachota huko huko kwenye kijito cha nyati. Leo asubuhi amepita na ndoo kichwani na mimi nikageuza uso, kama tunavyofanya sote.

Jumanne, 15 Machi

Masika yameingia kwa nguvu. Leo darasani alikuja mwanafunzi mmoja, naye alikuja kukinga mvua.

Ijumaa, 18 Machi

Nimeshinda kwa Antonia, binti yangu. Tumbo lake la miezi mitano limeanza kuonekana. Wajukuu wawili waliotangulia hawakufika, na huyu namwombea kila nikiinuka na kila nikilala.

Mumewe, Ignas, ni mhudumu wa josho. Kila Jumatatu anaogesha ng'ombe wetu na wa Wamaasai wanaoshuka nao kutoka juu. Anarudi nyumbani ananuka dawa mpaka kwenye nywele. Josho lenyewe lilijengwa na walowezi, juu ya chemchemi, zamani kabla sisi hatujahamishiwa hapa wakati wa Operesheni Vijiji. Hakuna aliyeuliza kwa nini liko pale. Tulionyeshwa pa kujenga, tukajenga.

Ignas ananisimulia dawa ilivyopatikana. Tangu mwaka jana dawa ya josho haiji, kama vile sabuni isivyokuja, wala sukari, wala mafuta ya taa. Clemensi akakumbuka mapipa yaliyoachwa kwenye ghala la shamba la mlowezi mmoja aliyekimbia zamani. Akayaleta kwa trekta. Yamechorwa fuvu la mtu, rangi imeshaanza kubanduka. Wilayani wakamsifu sana kwa kujitegemea.

"Kupe wamekufa kweli, mama," Ignas alisema. "Mpaka nzi wamekufa."

Jumapili, 27 Machi

Jumapili ya Matawi. Mimba nyingine imeharibika, ya mke wa kibarua mmoja Mnyaturu aliyekuja kutoka Singida kupalilia. Yeye si Mwiraqw na mwiko huu haujui, lakini amepelekwa kibandani kwa Elizabeti hivyo hivyo, akilia na kuuliza amekosa nini.

Jumatatu, 4 Aprili

Pasaka mbaya kuliko zote. Nyumba nzima tumetapika, na si sisi tu, kijiji kizima matumbo yanasokota. Wengine wanasema ni nyama, lakini hata walioshindwa kununua nyama wametapika.

Mganga wa zahanati alikuja kutoka Rhotia kwa baiskeli, akasema tuchemshe maji. Hilo nalijua. Nimelifundisha miaka kumi darasani, kwa picha na kwa wimbo. Sasa nachemsha ya Antonia mara mbili, nayaacha mpaka yapungue nusu, ndipo nampelekea.

Alhamisi, 14 Aprili

Wa tatu. Msichana wa juzi tu, aliolewa baada ya mavuno.

Jioni kulikuwa na mkutano. Wazee wakasema ni netlangw, pepo wa majini, wamekasirika kufungiwa chemchemi yao ndani ya saruji. Clemensi akacheka, akasema hayo ni mambo ya kale na sisi tunajenga nchi. Nikadhani sasa atasema la maana. Akasema wanawake wa siku hizi wanabeba mizigo mizito na kuhangaika sana masokoni, ndiyo maana.

Nani alituma wanawake kubeba mawe ya kujengea tangi? Nani alisimama na filimbi? Nilinyoosha mkono na hakuniona, ingawa nilikuwa mstari wa mbele na mimi si mtu mdogo.

Jumamosi, 23 Aprili

Mvua. Miguu yangu ina ganzi tangu juzi. Uzee.

Jumanne, 3 Mei

Si uzee.

Nanyokie amekuja na vibuyu vyake vya maziwa. Ni mama wa Kimaasai anayeshuka kila wiki kubadilishana na sisi maziwa kwa mahindi, na mwaka huu kwa maharage. Mvua ilikuwa imemlowesha, nikampa kiti na bakuli la maji. Akaliweka chini bila kunywa.

"Kunywa, nimeyachemsha," nilimwambia.

"Hapana, yeyo," alisema, yaani mama. "Mimi sinywi maji ya hapa."

Nikamuuliza ana dharau gani. Akasema si dharau.

"Ng'ombe ya jirani yangu Koinet alilamba yale matope chini ya josho. Hakufika hata mbali, alilala hapo hapo. Na wa pili, na ndama. Sasa sisi napitisha ng'ombe njia ya juu. Hata josho hatuleti tena. Hujaona?"

Kweli sikuwa nimeona. Jumatatu zimekuwa kimya na mimi nilidhani ni mvua.

"Mbona hamkusema?"

"Koinet alisema. Alimwendea mwenyekiti wenu. Mwenyekiti alimwambia Mmaasai ajue ng'ombe, bomba awaachie wenyewe."

Alipoondoka nililimwaga lile bakuli nje. Kuku wakaja, nikawafukuza. Nilisimama uani mvua ikininyeshea. Mtu ameambiwa. Ameambiwa na akajibu kwa kejeli.

Jumatano, 11 Mei

Leo nimevunja mwiko, nusu. Nimepanda kibandani kwa Elizabeti.

Nilisimama mbali, penye gogo, kama desturi inavyotaka. Walikuwa watatu wanapalilia mboga mbele ya kibanda. Nilitarajia kuona watu waliokondeana, wamekaa na majivu. Nikaona wanawake wenye mashavu. Yule Mnyaturu alikuwa anaimba. Elizabeti, ambaye mwezi wa tatu alikuwa hashiki mpini kwa maumivu ya tumbo, alikuwa ana jembe begani.

"Mama Antonia," alisema. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kukuuliza afya."

"Afya yangu haijawahi kuulizwa tangu niletwe huku. Leo kuna nini?"

Nilistahili hilo. Nikamuuliza kuhusu tumbo, akasema liliacha baada ya wiki chache. Ganzi? Imeisha. Kisha akanyoosha mkono mbele, kwa mbali, nione kucha zake. Kwenye kila kucha kulikuwa na mstari mweupe uliokatiza, kama mtu ameupiga kwa chaki. Ulikuwa juu kabisa, karibu na ncha. Chini yake kucha ilikuwa safi.

"Ulitokea baada ya kuharibikiwa," alisema. "Nikadhani ndiyo alama ya mwiko wenyewe. Lakini unapanda, unaona? Kila nikikata kucha unakaribia kuondoka."

Nikaangalia zangu. Nina mistari hiyo miwili, mmoja juu ya mwingine, na wa chini ndiyo kwanza unatoka kwenye nyama.

Nilikaa kwenye gogo. Hao watatu tuliwafukuza kwenye maji yetu ili wasituambukize. Wakaenda kunywa maji ya nyati na wakapona. Sisi wasafi, wenye bomba, tunaendelea kuoza. Nilicheka mpaka yule Mnyaturu akaacha kuimba. Halafu nikamkumbuka Antonia na nikashuka mlima mbio, na magoti yangu haya.

Ijumaa, 13 Mei

Antonia amekataa maji ya kijito. Nimembembeleza, nimemfokea, nimempigia magoti.

"Mama, kijito kile ni chao. Mwanamke mwenye mimba hagusi hata njia wanayopita. Unataka na huyu aondoke?"

"Anaondoka kwa sababu ya bomba, si kwa sababu ya Elizabeti."

"Wewe ni mwalimu, wewe unaweza kusema hivyo. Mimi nimezika wawili."

Ignas alikuwa amekaa pembeni anakuna viganja vyake. Nikamwambia anionyeshe kucha. Akazificha. Nikamwambia yeye ndiye aliyemwaga lile josho, tena mwezi wa kwanza, kwenye shimo lililo juu ya chemchemi.

"Humwagwa pale kila mwaka kabla ya masika, mama. Nilikuta hivyo na nikafundishwa hivyo."

"Na dawa ya mapipa ya fuvu, nayo ulikuta hivyo?"

"Nikisema, nitafukuzwa. Tutakula nini?"

Nilimwita mwoga mbele ya mke wake. Sijutii, ingawa alikuwa anatia huruma.

Jumatatu, 16 Mei

Antonia anasema mumewe anaamka mapema sana siku hizi na kurudi na madumu mawili ya maji, eti ya mvua, ameyakinga kwenye bati la kanisa. Mvua haijanyesha tangu Ijumaa. Nimemwambia ayanywe, maji ya kanisa ni baraka.

Ignas amepita kwangu jioni, viatu vyake vimejaa matope mekundu ya msituni. Nimempa ndizi mbivu.

Jumatatu, 23 Mei

Nimedandia lori la mahindi mpaka hospitali ya wamisionari. Daktari ni kijana, ana haraka, lakini aliposhika mkono wangu na kuona kucha haraka ikamwisha. Akauliza maji tunayokunywa yanatoka wapi na juu yake kuna nini. Nilipotaja josho akavua miwani.

Anasema dawa nyingi za josho za zamani zilikuwa za aseniki. Haina harufu wala ladha wala rangi, inaingia kidogo kidogo. Tumbo, ganzi, ngozi, mimba. Baada ya miaka, hata kansa. Ameniambia maji yale tuyaache leo, si kesho.

"Sisi tunachemsha," nilimwambia.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Hii si kijidudu. Maji yanapanda hewani, sumu inabaki chini ya sufuria."

Mara mbili. Mpaka yapungue nusu. Nilikuwa nampikia mwanangu sumu ikolee kama mchuzi.

Amechukua chupa ya maji yetu niliyokwenda nayo, ataipeleka Arusha, na Arusha wataipeleka Dar. Majibu huenda yakachukua miezi, mashine ziko chache na petroli hakuna. Barua ya kusema bomba lifungwe hawezi kuandika bila majibu. Aliona aibu kusema hivyo, na aliona aibu kweli.

Alhamisi, 26 Mei

Nimekwenda kwa Clemensi. Nilijiambia sitapiga kelele, na mwanzoni sikupiga.

Alikuwa sebuleni kwake anapima kitambaa cha utepe wa kukatwa na mgeni rasmi. Mwekundu, mita mbili. Nikamweleza yote, ng'ombe wa Koinet, kucha, daktari. Akasikiliza bila kunikatiza, na hilo lilinipa moyo.

"Shemeji," akasema, "majibu yako wapi?"

"Yako njiani kwenda Dar."

"Basi hakuna majibu. Unataka nimwambie mgeni rasmi nini? Kwamba mwaka mzima tumechimba ili tuwanyweshe watu sumu?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Wewe unajua hali ya mwaka huu. Watu wanakamatwa kila siku kwa kuhujumu uchumi. Mtu akisikia mwalimu wa kisomo anapita nyumba kwa nyumba kuhujumu mradi wa kijiji, mimi nitakutetea vipi?"

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilimwambia hayati kaka yake angemchapa. Nilimwambia alikataa kumsikiliza Koinet kwa sababu Koinet hana suruali. Mkewe akatoka jikoni na kusimama mlangoni, mikono ameifunga kwenye khanga.

Clemensi akachukua kikombe, akachota maji kwenye mtungi wake, akanywa yote mbele yangu polepole, akakigeuza kikombe nione kiko tupu.

"Mimi nakunywa, mke wangu anakunywa. Sumu gani hiyo inayochagua watu?"

Mchezo wa kuigiza. Nina hakika wana mtungi mwingine jikoni.

Jumatano, 1 Juni

Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Wananikaribisha vizuri, wananisikiliza, kisha wananiletea maji ya kunywa.

Alhamisi, 9 Juni

Wa nne. Pia mtoto wa mpishi wa shule, wa miaka mitatu, amezikwa leo. Waliandika kuhara.

Makaburini bibi mmoja alinishika bega akaniambia, "Mwalimu, maji meupe vile yataua vipi?" Ningempiga. Badala yake nilimshika mkono tukatelemka pamoja, maana njia ilikuwa inateleza.

Jumatatu, 20 Juni

Mahindi yanakauka. Mawe ya njia ya mgeni rasmi yamepakwa chokaa.

Jumamosi, 2 Julai

Antonia tumbo limeshuka. Anakula, anatembea, hana ganzi. Anaendelea kunywa "maji ya bati." Mungu amsamehe Ignas uongo huo na amlipe kwa huo.

Nimepanda tena kibandani. Nilikaa kwenye gogo na nikawaambia ukweli kwamba nimeshindwa. Nimesema kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, nimesema kama mwalimu na kama mama. Daktari hawamwamini kwa sababu hana karatasi. Mmaasai hawamwamini kwa sababu ni Mmaasai. Mimi hawaniamini kwa sababu ni mkali.

"Lakini huku hawaji," alisema Elizabeti. "Umeona? Hakuna mgambo, hakuna ua, hakuna kufuli. Kaka yangu wa tumbo moja anapita njia ile pale na hageuki. Clemensi wako anayecheka mambo ya kale, siku moja upepo ulirusha kofia yake mpaka hapa penye mboga. Unajua alifanya nini?"

"Nini?"

"Aliiacha. Ile pale, nimeivika sanamu ya kufukuzia ndege."

Ni kweli, ilikuwa pale kwenye kijiti, kofia ya chama kabisa.

Elizabeti ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kama anaomba chumvi, "Mimi nikilishika lile bomba, nani atakunywa tena?"

Nilielewa mara moja. Nikaelewa pia kwamba wakienda wenyewe watafukuzwa kwa mawe kutoka mbali, na itasemwa wamerogwa. Lazima awepo mtu ambaye kijiji hakiwezi kumpiga mawe, na mtu huyo lazima awe meeta kama wao, la sivyo wataninyakua mimi kwanza. Nikaondoka kwenye gogo. Nikakaa nao chini, nikanawa kwenye chombo chao na nikala ugali kwenye sinia moja nao, mkono kwa mkono, mwiko wao ukawa na wangu. Mimi ni Mkristo na mwalimu wa kisomo na siamini mwiko huu. Lakini tonge la kwanza nililimeza nimefumba macho.

Alhamisi, 7 Julai, Saba Saba

Naandika kibandani.

Tulishuka watano tangu alfajiri na tukakaa tumelizunguka bomba, migongo kwenye nguzo, mikono yote mitano juu ya koki. Watoto wa shule waliokuja na ndoo walituona wakatupa ndoo na kukimbia. Watu walipojaa, walijaa kwa mbali, duara kubwa, na katikati yetu na wao pakabaki uwanja mtupu ambao hakuna aliyeukanyaga. Antonia alikuwa miongoni mwao, ameshika tumbo. Aliponiona niko upande huu alifunika mdomo.

Clemensi alifika na mgeni rasmi, ngoma nyuma yao. Ngoma ikafa yenyewe.

"Shemeji, ondoka hapo," alisema.

"Mimi ni meeta. Niondoe."

Akawaita mgambo. Vijana wawili wakapiga hatua, wakatazama mama zao kwenye duara, wakarudi. Clemensi akavua koti, akasema kwa sauti kwamba hii ni nchi ya watu walioamka, akaja mwenyewe kwa hatua ndefu. Alifika akanyoosha mkono anikamate bega. Mkono ukasimama hewani, karibu mpaka niliona jasho la kiganja chake. Alitaka sana kunigusa. Uso wake wote ulitaka. Mkono haukutaka.

Mgeni rasmi ni mtu wa mbali, hajui mila zetu. Alikuwa amesimama juani muda mrefu na alidhani ni igizo. Akatabasamu, akasogea mpaka uwanjani. "Kina mama, basi nipeni niyaonje mimi."

Nilijaza kikombe. Nilimpa Clemensi, si yeye. "Mpe mgeni wako, shemeji. Pokea kwangu umpe." Hakupokea. Mgeni akanyoosha mkono wake akichukue mwenyewe, na nilipomwona anakaribia kukishika nilikimwaga chini, kwenye viatu vyake.

"Una watoto?" nilimuuliza.

"Ninao," akasema, kicheko kimemwisha.

"Basi usinywe. Clemensi, mwonyeshe kucha zako."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka tu kumwaibisha, aonekane na mikono laini ya mtu mwenye mtungi mwingine jikoni. Alikuwa bado ameunyoosha ule mkono ulioganda. Akautazama. Na mimi nikautazama, na mistari ilikuwepo, mitatu, minene kuliko yangu, na kiganja chote kigumu kimeota vidonda kama vya mtu aliyeungua.

Hakukuwa na mtungi mwingine. Miezi yote hii nilimchukia kwa kujua, kumbe alikuwa hajui. Aliambiwa na hakutaka kujua, na akanywa, na akamnywesha mkewe. Sikumhurumia. Hasira yangu ilizidi, maana mwovu ungeweza kumfunga, lakini mpumbavu mwenye cheo utamfanya nini?

Kisha nikainua macho. Duara zima, wazee, watoto wa kwaya, wapiga ngoma, wale mgambo wawili, walikuwa wameinamisha vichwa wanaangalia mikono yao wenyewe.

Mgeni rasmi aliondoka bila kula mbuzi. Alisema ataleta mtaalamu.

Jumapili, 17 Julai

Mtaalamu hajaja. Majibu hayajaja. Hakuna anayechota bombani. Wanapanda mlima mpaka kijito cha juu, kwa zamu, na kutuachia sisi sehemu ya chini yake.

Wazee wamekaa na wameamua. Maji yameharibu mimba, kwa hiyo maji yenyewe ni meeta, na sisi tulioishika koki ni meeta pamoja nayo mpaka shimo la josho litakapochimbuliwa lote na kutakaswa. Mapipa Ignas ameyafungia kwa kufuli. Shimo bado liko pale pale. Kuchimbua kunahitaji vifaa, na vifaa vinahitaji kibali.

Jumanne, 26 Julai

Antonia amejifungua mtoto wa kike. Mdogo, lakini analia vizuri.

Ignas alikuja mbio kuniambia, akasimama penye gogo akilia kama yeye ndiye aliyezaliwa. Nilishuka naye nyuma nyuma, yeye mbele, mimi mbali. Nilifika mpaka ua wa miiba wa nyumba yao na nikasimama nje.

Antonia aliletwa mlangoni, mtoto mikononi, kazungushiwa khanga yangu ya njano. "Mama, ingia. Wewe hujaharibikiwa na mimba yoyote. Padre atakuombea, yataisha."

Clemensi alikuwa pale uani, amekuja kuona mtoto wa ukoo. Mikono yake imefungwa bandeji, amerudi juzi hospitali. Amekonda. "Ingia, shemeji," alisema taratibu. "Mwiko wako ni wa kujitakia. Mshike mjukuu wako."

Sijui kama alisema kwa huruma. Huenda. Nyuma yake, kwenye njia, kulikuwa na wanawake wanaotoka mlimani na ndoo, wamechoka, wamesimama wananitazama nitafanya nini. Kutoka pale mpaka bombani ni karibu sana. Nikivuka ule ua, jioni hii hii watasema ulikuwa mchezo, mwalimu ameingia na amemshika mtoto, na kesho koki itafunguliwa.

"Mwinue nimwone," nilimwambia Antonia.

Akamwinua. Nilimwona kidogo, jua lilikuwa machoni.

Nikamwambia Clemensi, wote wasikie, kwamba nitaingia siku shimo litakapochimbuliwa, hata kama mtoto huyu atakuwa anakuja kunifungulia mlango kwa miguu yake. Kama vifaa hakuna, majembe yapo. Sisi tulichimba mtaro mzima kwa majembe.

Nimerudi kibandani. Elizabeti alikuwa ameweka maji motoni, akaniuliza mtoto anafanana na nani. Nimemwambia sijui, nilikuwa mbali.